Makumbusho ya Waroma pale Brno, tenga masaa matatu

Kama upo Ucheki na unapita Brno, makanisa yapo tu hayakimbii, nenda kwanza mtaa wa Bratislavská kwenye Makumbusho ya Utamaduni wa Waroma. Nasema Waroma, siyo Warumi wa Kaisari. Ni hawa ambao watu wanawaita majipsi, jina ambalo wengi wao wenyewe hawalitaki.

Kilichonishika pale ni kwamba wanaosimulia ni wenyewe. Wasomi wa Kiroma ndio walioyaanzisha 1991, na mmoja wao Jana Horváthová, mwanahistoria, akaja kuwa mkurugenzi 2003. Babu yake, Tomáš Holomek, alisomea sheria chuo kikuu enzi ambazo Mroma kufika huko ilikuwa kama ndoto.

Maonyesho yanaanzia India, maana asili yao ni huko. Tulipofika kwenye lugha yao, dada aliyekuwa ananitembeza akahesabu kwa vidole, taratibu, jekh, duj, trin, štar, pandž. Sasa wewe kama unajua Kihindi cha kuhesabia tu utashtuka, ek, do, tin, char, panch, yaani wametembea karne na karne, wamefukuzwa huku na kule, na vidole bado vina majina yale yale! Nikamwomba arudie, akarudia, nikahesabu naye.

Halafu kwenye habari za Vita Kuu ya Pili usipite haraka. Kuna kambi ya Lety, huku huku Ucheki, walifungwa humo Waroma zaidi ya 1,300, zaidi ya 300 wakafia hapo hapo, watoto wengi, na zaidi ya 500 wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Miaka ya 1970 eneo hilo hilo likawekwa shamba la nguruwe. Nguruwe, jamani, pale walipofia watu. Ndugu wa marehemu na wanaharakati wakadai miaka na miaka mpaka serikali ikalinunua shamba, 2018 likakabidhiwa kwa makumbusho haya haya, 2022 wakaanza kulibomoa na 2024 pakafunguliwa mahali pa kuwakumbuka. Hapo nilikaa chini kwanza.

Ukitoka usikimbilie tramu maana mtaa wenyewe Waroma wengi wanaishi hapo. Yule dada alishanifundisha lačho ďives, siku njema, nikamsalimia mzee mmoja aliyekaa mlangoni kwake, akaitikia, akaniangalia vizuri, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.