Lifti, Jukwaa au Kiti cha Ngazi: Kipi Kinalifaa Jengo Lako?

Wenye majengo wengi huanza kwa kuulizia bei, ilhali swali la kwanza ni nani atakayepandishwa. Mzee anayetembea kwa mkongojo, ambaye magoti yake hayawezi tena ngazi, ana haja tofauti kabisa na mtu asiyeweza kuondoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na kifaa kinachomtosha wa kwanza huenda kisimsaidie wa pili hata kidogo. Ndiyo maana nafasi za vifaa ninazozipanga hapa hubadilika tukitoka kwenye jengo la umma, kama zahanati, ofisi au msikiti, na kuingia kwenye nyumba ya familia. Kwa jengo la umma, tena, jambo hili si hisani: Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Kenya, iliyokuwa na sheria yake ya mwaka 2003, ilitunga mpya mwaka 2025.

Kabla ya mashine yoyote, pima kimo. Ikiwa kinachomzuia mtu ni vidaraja vitatu au vinne vya barazani, jenga njia ya mteremko ambayo kwa kila sentimita 1 ya kupanda ina sentimita 12 za urefu. Baraza ya sentimita 60 itahitaji mita 7.2, na uwanja ukiruhusu, hapo usinunue kitu kingine, kwa kuwa saruji haiombi umeme wala vipuri.

Kwa jengo la umma la ghorofa moja ambalo limekwisha kujengwa, nafasi ya kwanza naipa lifti ya jukwaa, yaani sakafu ndogo yenye kuta na lango, inayopanda wima pamoja na mtu na kiti chake. Shimo lake ni la sentimita chache tu, na aina nyingi hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, yaani wa fezi moja. Udhaifu wake ni mwendo: kiwango cha Ulaya cha EN 81-41 kinauwekea kikomo cha mita 0.15 kwa sekunde, hivyo kupanda mita 3 huchukua sekunde 20 au zaidi. Aidha, kwa kawaida mtumiaji hulazimika kushikilia kitufe muda wote wa safari, kwa hiyo mwenye mikono dhaifu atafutiwe kitufe kipana au wenzo mdogo. Usikubali jukwaa jembamba kwa sababu ya bei. Anayepanda peke yake anahitaji angalau sentimita 80 kwa 125, na anayesindikizwa sentimita 90 kwa 140.

Jengo likiwa na ghorofa tatu na zaidi, lifti kamili ndiyo inayoongoza. Chumba cha sentimita 110 kwa 140, chenye uwezo wa kilo 630, humpokea mtu wa kiti cha magurudumu na msindikizaji wake bila kubanana. Lakini lifti hiyo huhitaji shimo refu chini na nafasi ya kutosha juu, na kuyapata hayo katika jengo la zamani ni kubomoa zege. Aliye bado kwenye ramani aache nafasi ya lifti hata kama fedha za kuinunua hana leo.

Jukwaa la mshazari, linalosafiri kwenye reli kando ya ngazi, nalichagua pale tu ambapo hakuna nafasi ya kitu cha wima, kwa kuwa likiwa safarini huziba ngazi ambazo watu wengine wangezitegemea siku ya moto. Kiti cha ngazi, yaani kiti kinachopanda kwenye reli ya ngazi kikiwa kimembeba mtu aliyekaa, katika jengo la umma nakiweka mwisho: mtu huacha kiti chake cha magurudumu chini, akafika juu hana cha kukalia.

Nyumbani mambo hugeuka, na kiti cha ngazi huwa cha kwanza kwa mzee anayeweza kukaa na kusimama mwenyewe. Reli yake hufungwa kwenye vidaraja, si ukutani, na betri zake hujichaji kiti kinapoegeshwa, hivyo umeme ukikatika bado kuna safari kadhaa mkononi. Reli iliyonyooka inaweza kununuliwa hata ikiwa imekwisha kutumika. Reli ya kona, kinyume chake, hukatwa kwa vipimo vya ngazi moja tu, na kuinunua kwa mtu ni kama kununua meno ya bandia ya jirani.

Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye ngazi nyembamba na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kiti hicho kina faida ya kutougusa ukuta, lakini mbao za ngazi zikaguliwe kwanza na seremala, na kibali kiombwe, maana mji huo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Pwani nzima, taka chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma.

Nimewahi kuona jukwaa jipya likiwa stoo ya ndoo na mifagio kwa kukosa kipuri kimoja. Basi mwulize muuzaji, kabla ya malipo ya awali, fundi wake anaishi mji gani, vipuri vipi viko ghalani, na abiria hushushwaje kifaa kikikwama katikati. Majibu yake yaandikwe kwenye mkataba. Kisha chukua futi kamba, panda juu, ukapime mlango wa choo: ukiwa na sentimita 60, tafuta mwashi kwanza.