Marinda: kwa pasi au kwa mashine?

Kwa gharama, pasi inashinda mapema. Ukiwa na chaki, pini, futi kamba na kitambaa cha kuzuia kuungua, unaanza leo. Mashine ya kukunjia marinda inataka mtaji, umeme usiokatika, na oda za kutosha kuilisha kila siku.

Kwa usahihi, mambo yanageuka. Sketi ya marinda 30, ukikosea milimita 2 tu kila rinda, kiuno kinapotea sentimita 6. Mkono ukichoka, rinda la ishirini halifanani na la kwanza. Mashine haichoki: visu vyake (bapa za kukunja, si za kukata) vinasukuma kitambaa kwa kipimo kilekile, kisha rola za moto zinakibana. Ila pindo la chini lishonwe kwanza. Ukisahau, utapinda juu ya mikunjo, na hiyo ni adhabu.

Kudumu ni suala la kitambaa zaidi. Poliesta ikipata moto wa kutosha inashika rinda hata baada ya kufuliwa. Pamba tupu hufumuka kwenye beseni, hata iwe imepita kwenye mashine ya bei gani. Siki kidogo kwenye maji ya kunyunyizia husaidia, lakini pasi utaishika tena.

Kwa sare za shule nzima, tafuta mashine, hata ya kulipia kwa fundi mwenzio. Kwa gauni moja la harusi, lenye marinda yanayopanuka kuelekea chini, mimi ningebaki na pasi yangu. Mashine ya rola hutoa marinda yaliyonyooka tu.