Nailoni ya grinihausi juu ya banda la boti: uzoefu wangu Majanji

Kama unajenga au unakarabati boti za mbao, nakuambia mapema: nunua nailoni ya grinihausi ya maikroni 200 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), rangi ya maziwa, iliyotiwa dawa ya kuzuia jua, na kabla hujalipa ipandishe kwenye mizani. Banda letu liko hapa Majanji, wilaya ya Busia, kando ya Ziwa Victoria. Nailoni hii iko juu yake tangu kabla ya mvua za Machi mwaka jana, na kwa kazi tunayofanya sijaona kitu kinachoizidi kwa bei yake.

Banda ni la boti za futi 28, kwa sababu kwa kuvua ziwani Uganda sheria haitaki boti fupi kuliko hapo. Futi 28 ni mita 8.5. Tukaweka urefu wa mita 12 ili fundi azunguke omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya boti, bila kubanwa, na apate pa kuweka mbao zake zisinyeshewe.

Kabla ya hapo juu kulikuwa na turubai la bluu, lile la kufumwa lenye pete za chuma pembeni. Karibu kila mwalo, yaani pale boti za wavuvi zinapotua, unaliona. Likiwa jipya ni zuri, jepesi, na kamba unapitisha kwenye pete basi. Shida ni jua. Likishakula ile ngozi ya juu, nyuzi zinaanza kuchomoka, kwanza moja moja, kisha vishada vizima. Siku ya kupaka rangi nyuzi hizo zinadondoka kwenye rangi mbichi, na fundi anabaki kuzidonoa kwa ncha ya kisu huku rangi inakauka. Pete nazo zinanyofoka, maana plastiki inayozishika imeshakuwa kama majani makavu. Upepo wa ziwani ukija mchana, turubai linapigapiga hadi linachanika lenyewe.

Wengine wanatumia nailoni nyeusi ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya sakafu kabla ya zege. Mara nyingi ni geji 1000, yaani maikroni 250, nene kuliko hata hii yangu. Weusi wake unatokana na kaboni, na kaboni hiyo ni kinga nzuri ya jua, kwa hiyo siwezi kusema ni kitu kibaya. Ila kwa boti ya mbao siipendi hata kidogo. Chini yake ni giza na joto. Mbao za mvule zikipata joto la namna hiyo zinakauka haraka, zinasinyaa, na mishono iliyokwisha kutiwa kalafati, yaani kuzibwa isivuje, inafunguka tena. Nimemwona fundi anafunika ubavu mzima wa boti kwa magunia mabichi ili kuokoa kazi ambayo alikuwa ameimaliza.

Nailoni angavu kabisa inaleta joto vilevile. Ya rangi ya maziwa inatawanya mwanga. Ndani hakuna kivuli kikali, na hilo kwa ukaguzi wa mishono ni jambo kubwa: unapitisha macho kwenye ubao na ufa mwembamba kama unywele unauona bila tochi.

Turubai zito la lori, lile la PVC, lina maisha marefu na linakubali gundi. Mwenye boti kubwa ya abiria na pesa za kutosha alichukue, sitabishana naye. Kuna pia yale meupe ya mita 4 kwa 5 yanayotolewa kwa wakimbizi. Ni imara, lakini mimi siyanunui, kwa sababu kila moja lilikusudiwa kuwa paa la familia fulani.

Sasa habari ya mizani. Maikroni 200 huwezi kuitambua kwa kidole, na muuzaji anajua hivyo. Lakini plastiki hii uzito wake unajulikana: mita moja ya mraba yenye unene wa maikroni 200 ina gramu kama 184. Mimi nilihitaji mita 6 kwa 12, yaani mita za mraba 72, kwa hiyo mzigo wote lazima ukaribie kilo 13 na robo. Nailoni ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imeandikwa 200 kwa kalamu ya wino juu ya gunia. Hapa mwaloni mizani haikosekani. Tukaipandisha kwenye ndoano ya mizani ya sangara, ikasoma kilo 10. Hiyo ni maikroni 150, wala si kasoro ndogo ya kiwandani. Nilipompigia muuzaji akaniambia, “Mama, hiyo ndiyo 200 ya hapa sokoni.” Nikamrudishia mzigo wake siku hiyohiyo. Robo nzima ya plastiki haikuwepo, na bei alikuwa ameiandika kamili.

Duka la pili lilinikatia kutoka kwenye jora lenye lebo ya kiwanda ndani ya bomba, ikionyesha unene, upana na muda ambao dawa ya jua imehakikishiwa. Lebo hiyo iombe uione kwa macho yako. Dawa ya jua haionekani wala hainusiki, na rangi ya maziwa siyo ushahidi kwamba imo. Hapa tuko karibu kabisa na Ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua linapiga paa kutoka utosini mwaka mzima, na nailoni isiyo na dawa haichukui muda kabla haijaanza kukatika kama biskuti.

Nguzo zetu ni mikaratusi, matao ni fito zilizokunjwa. Tulifikiria mabomba ya PVC kwa sababu yanapinda vizuri, lakini PVC ikigusana na nailoni hii kwenye jua kali inaipunguzia maisha palepale inapogusa. Ukilazimika kuyatumia, yazungushie kitambaa au yapake rangi nyeupe kwanza. Vyuma vyeusi navyo ni hivyohivyo, vinashika moto wa jua na kuichoma nailoni taratibu. Fito zetu tulizikwangua vifundo vyote, kisha tukazizungushia vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli mahali pa kugusana.

Matao hayafiki chini. Yanaanzia mita moja juu ya ardhi, na pembeni pako wazi ili upepo upite. Mdomo mpana wa banda tumeugeuzia pembeni badala ya kuuelekeza ziwani, kwa sababu mchana upepo unatoka majini na ukiingia kwa mdomo unabeba paa lote. Kingo za nailoni hazina pete, na usijaribu kuzitoboa. Unazungushia ukingo kwenye papi la mbao, yaani ubao mwembamba, mara mbili au tatu, kisha unapigilia papi la pili juu yake. Paa livutwe mpaka likaze. Nailoni ikilegea inafanya bwawa, na bwawa la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 10 lina kilo 100 za maji. Hakuna ufito utakaovumilia.

Palipohitaji kamba katikati tulitumia njia ya wazee: chukua kokoto laini la mviringo, liweke upande wa ndani, lisukume nailoni itokeze nje kama kifungo, kisha funga kamba shingoni mwa hicho kifungo. Haitoboi chochote, na inashika kuliko pete yoyote ya kiwandani niliyowahi kuona.

Matundu yatakuja hata ukifanya yote hayo. Kwetu adui mkubwa ni kalooli, wale ndege wakubwa wanaosubiri matumbo ya samaki. Anatua juu ya tao, anateleza, kucha zinaacha mstari wa vitundu. Kwa vitundu hivyo tunatumia tepu maalumu ya kurekebishia grinihausi. Ni ghali ukilinganisha na selotepu ya kahawia ya kufungia maboksi, lakini ile ya kahawia ikipigwa na jua inakauka na kudondoka, gundi yote inabaki kwenye paa kama uchafu. Osha mahali pote kwa sabuni, kausha, pangusa kwa spiriti, kata tepu pembe zikiwa za mviringo, bandika ndani na nje, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko mpaka povu za hewa ziishe. Fanya saa nailoni imekauka kabisa, si asubuhi yenye umande.

Gundi ya tyubu, supagluu, silikoni: usipoteze pesa. Plastiki hii uso wake ni kama wa nta, gundi hizo hazipati pa kushika. Zitakaa mpaka mvua ya kwanza.

Mpasuko mrefu unataka moto. Boti moja ilipokuwa inatolewa, ncha ya omo ilichana paa karibu na mdomo, mpasuko wa urefu wa mkono. Fundi alianza kwa kukata kitundu cha duara kila mwisho wa mpasuko ili usiendelee kukimbia. Akaweka ubao laini chini, kiraka cha nailoni ileile juu kikipita kingo kwa sentimita 10 kila upande, kisha karatasi nyeupe ya daftari, na pasi ya mkaa. Nailoni hii inayeyuka kwenye joto la nyuzi 110 za Selsiasi hivi, kwa hiyo pasi iwe ya moto wa kadiri na isitulie mahali pamoja. Unaona kupitia karatasi jinsi weupe wa maziwa unavyofifia pale tabaka mbili zinaposhikana. Hapo unanyanyua pasi na kukandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka papoe. Tulijaribu kwanza kwenye vipande vya pembeni, na nakushauri nawe ufanye hivyo, maana pasi ikizidi moto kinachobaki ni tundu kubwa kuliko la kwanza. Kiraka kile kimepita mvua zote na hakivuji.

Kasoro za nailoni yenyewe zipo. Alfajiri inatoa jasho kwa ndani, na matone yakiangukia rangi iliyopakwa jioni yanaacha madoa, kwa hiyo sisi tunapaka rangi asubuhi jua likishapanda. Siku zisizo na upepo joto la saa nane ni kali, hata na pembeni kukiwa wazi. Tena ukitaka upana mkubwa kuliko wa jora lililopo, itabidi usubiri liagizwe.

Jirani aliniuliza kama hii siyo kaveera, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku. Sheria ile ya 2009 ilihusu mifuko, hii haimo. Hata hivyo usiichome wala kuitupa ziwani ikichoka. Sehemu nzima zilizobaki wakatie wanaokausha mukene, yaani dagaa, wanazitafuta sana ili samaki wasilale mchangani.

Unapokata, omba mita moja ya ziada kutoka jora lilelile na uiweke kivulini ndani ya gunia. Viraka vyote utakavyohitaji vitatoka hapo, na vitayeyuka kwa moto uleule wa paa lako.