Seestar S50 kwa kupima sayari zilizo karibu na nyota zake: je, inafaa Nyanda za Juu Kusini?

Tuanze na onyo. Sayari yenyewe hutaiona. Kwenye simu utaona nukta ya nyota ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na anayenunua darubini hii akitarajia picha ya sayari ngeni atajuta. Unachopata ni vipimo vya sayari ikikatiza mbele ya nyota: nyota imefifia kwa kiasi gani, ilianza kufifia saa ngapi, imerudia mwanga wake saa ngapi. Ukizijua mbinu, kimashine hiki cha dola 500 hivi (kabla ya usafiri na ushuru) kinapima vizuri sayari kubwa zinazozunguka karibu kabisa na nyota za aina ya Jua letu. Usipozijua, utakesha bure.

Vifaa vyake: lenzi ya milimita 50, urefu wa fokasi milimita 250, sensa ya rangi yenye pikseli 1920 kwa 1080, hifadhi ya GB 64, betri ya ndani na hita ndogo ya kuzuia umande. Hita hiyo ina kazi kweli Mbeya na Njombe mwezi Juni na Julai, ila inakula betri, kwa hiyo pawabenki iwe tayari imechomekwa tangu mwanzo.

Kwa nini sayari za karibu? Sayari iliyo mbali na nyota yake mara chache hupangika sawasawa na macho yetu. Mtu wa mbali akilitazama Jua letu, uwezekano wa kuiona Dunia ikikatiza mbele yake ni nusu ya asilimia tu, na angesubiri mwaka mzima kwa kivuli cha asilimia 0.0084. HD 209458 b, sayari ya kwanza kuonekana ikikatiza mbele ya nyota yake, mwaka 1999, huzunguka kwa siku 3.52. Hupunguza mwanga wa nyota kwa takribani asilimia 1.5, na mpito wake, yaani huko kukatiza, huchukua saa tatu hivi.

Hiyo ndiyo ya kuanzia kwa mtu wa huku. Iko kwenye kundi la nyota la Pegasus, na mwanzoni mwa Septemba hupanda juu kabisa upande wa kaskazini karibu saa sita usiku, mvua zikiwa bado mbali. Mizunguko miwili ni wiki moja na dakika 71. Ukiukosa mpito Jumamosi saa nne usiku, Jumamosi ijayo utakuja saa tano na dakika 11. Sayari nyingine, WASP-18 b, ni ngumu zaidi, maana kina chake, yaani kiasi cha kufifia kwa nyota, ni asilimia moja tu, lakini huzunguka kwa saa 22.6: mpito huwahi kwa saa moja na dakika 24 kila usiku, hupotelea mchana, kisha hurudi saa ileile baada ya siku 16.

Sasa kasoro, na kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni mwanga kupita kiasi. HD 209458 ina mng'ao wa 7.65 kwa kipimo cha wanaanga, na picha ya sekunde 10, ambayo ndiyo fupi kabisa kwenye hali ya kawaida ya kupiga nyota, inajaza pikseli za katikati. Pikseli iliyojaa haihesabu tena, na kivuli cha asilimia 1.5 kinamezwa humo. Dawa yake ni kuharibu fokasi kwa makusudi. Ingia kwenye fokasi ya mkono, sogeza kidogo mpaka nyota ivimbe, piga picha moja, ifungue kwenye kompyuta. Kilele kikiwa chini ya 45,000 kati ya 65,535, endelea. Usivimbishe kupita kiasi: nyota zikilegea sana, programu hushindwa kuzitambua na kuanza kutupa picha, nawe utabaki na mapengo kwenye grafu. WASP-18 haina shida hii.

Ya pili inatuhusu sisi wa karibu na ikweta kuliko wazungu wanaoandika miongozo yake. Stendi yake hugeuka kushoto-kulia na juu-chini, hivyo uwanja wa picha huzunguka nyota inapotembea. HD 209458 ikipita kaskazini ya Mbeya, kwa nyuzi 62 juu ya upeo, uwanja huzunguka karibu nyuzi 30 kwa saa. Nyota yako inabaki katikati, lakini zile za kulinganishia, yaani nyota jirani unazolinganisha nazo mwanga wake, zinatangatanga, na za pembeni zinatoka nje ya picha. Chagua za kulinganishia zilizo ndani ya theluthi moja ya digrii kutoka katikati, nyingine zisahau. Nyota zinazopita utosini usihangaike nazo kabisa.

Kuna wanaoshauri hali ya ikweta, ambapo mashine huinamishwa kuelekea ncha ya anga ili uwanja usizunguke. Ulaya ushauri huo una maana. Mbeya ncha ya kusini iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, kwa hiyo mashine inabidi ilale karibu ubavu mzima, uzito wote ukining'inia nje ya stendi. Upepo wa Uyole hautauliza mara mbili.

Ya tatu ni kumetameta kwa nyota. Kwa lenzi ya milimita 50, picha moja ya sekunde 10 inayumba kati ya nusu asilimia na asilimia moja hata anga ikiwa safi. Chukua wastani wa picha 12, dakika mbili, kuyumba kunashuka hadi karibu asilimia 0.2, na kivuli kinajitokeza. Usiweke mashine kwenye saruji iliyoshinda juani, wala usipige juu ya paa la jirani. Joto linalopanda linaichezesha nyota. Taa za mjini si tatizo kubwa kwa nyota hizi. Moshi wa mashamba yanayochomwa Septemba na Oktoba ndio mbaya zaidi, hasa unapopita kwa mafungu.

Kabla ya kuanza, washa chaguo la kuhifadhi kila picha peke yake. Bila hivyo unabaki na picha moja iliyounganishwa, isiyo na faida kwa kazi hii. Anza saa moja kabla ya mpito, malizia saa moja baada yake. Ratiba za mipito hutolewa kwa UTC, saa za kimataifa: 19:00 ni saa nne usiku yetu, na wengi hukosea hapo hapo.

Saa tano za kupiga ni picha 1,800, kila moja MB 4, yaani GB 7 hivi. Usizipandishe mtandaoni kwa bando. Programu ya AstroImageJ ni ya bure na inafanya kazi yote kwenye laptopu: tenganisha rangi, tumia kijani peke yake, pima, gawanya kwa nyota za kulinganishia. Iambie pia igeuze muda kuwa wa kitovu cha mfumo wa Jua, la sivyo utakosea hadi dakika nane.

Kipenyo cha sayari kinatokana na kipeuo cha pili cha kina: asilimia 1.5 inakupa 0.12 ya kipenyo cha nyota. Uzito hutaupata. Huo unahitaji kupima nyota inavyoyumbishwa na sayari, mita 55 hivi kwa sekunde kwa sayari 51 Pegasi b iliyogunduliwa mwaka 1995, na hakuna kifaa cha dola 500 kinachofika huko. Muda wa katikati ya mpito, ukiwa umepimwa vizuri, unapokewa na miradi ya Exoplanet Watch ya NASA na ExoClock. Mzunguko wa sayari WASP-12 b unafupika kwa milisekunde 29 hivi kila mwaka, na jambo hilo lilijulikana kwa kukusanya vipimo vya mipito ya miaka mingi.