Nimeipata santuri ya Misa Criolla ya Ariel Ramírez, wanakwaya njooni hapa

Jamani nimeipata. Misa Criolla, misa ya kuimbwa kwa Kihispania aliyoitunga Ramírez, mwanamuziki wa Argentina, santuri ya mtumba, lebo ya Philips, nimeinunua mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji maana nina jambo naye nitalisema mbele. Hii wiki ya tatu kila jioni nikitoka kazini naiweka, na naandika hasa kwa wanakwaya wenzangu, nyie mnaoimba Bwana Utuhurumie kila Jumapili, kama santuri hampati isikilizeni hata kwenye simu ila spika iwe nzuri.

Upande wa kwanza ndo misa yenyewe, dakika kama 16 tu, sehemu zile zile tunazozijua, Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo, ila kila sehemu Ramírez kaivalisha mdundo wa huko huko Amerika ya Kusini. Nasadiki ni chacarera, ngoma ya kuchezwa kabisa, Mtakatifu ni mdundo wa kanivali ya Cochabamba kule Bolivia, Mwanakondoo ni wa nyanda za pampa, taratibu. Wanaoimba mbele ni Los Fronterizos, wanaume wanne, nyuma yao kwaya ya Basílica del Socorro ya Buenos Aires chini ya padre Jesús Gabriel Segade, na Ramírez mwenyewe yupo kwenye kinanda. Ilirekodiwa 1964.

Sasa sikilizeni Bwana Utuhurumie. Ngoma inaanza chini sana, kama mtu anatembea mbali usiku, halafu kwaya inaingia bila haraka, na sauti ya mbele ikipanda inapanda kama mtu anayeita kutoka mlima mmoja kwenda mwingine. Hiyo ngoma inaitwa bombo, gogo la mti lililotobolewa, ngozi imeachwa na manyoya yake, mpigaji anapiga ngozi kisha anagonga ukingo wa mti, du, ta, du, ta. Kwenye santuri unausikia huo mti kabisa, kwenye simu ya spika ndogo unapotea. Mpigaji ni Domingo Cura na kiukweli misa hii nusu yake ni mikono yake. Halafu Utukufu unafyatuka na charango, kigitaa kidogo cha nyuzi kumi, anapiga Jaime Torres, hapo kukaa kimya huwezi.

Kilichonishika zaidi ni chanzo chake. Miaka ya mwanzo ya 1950 Ramírez alikuwa Ulaya, akapata hifadhi kwenye nyumba ya watawa Würzburg, Ujerumani. Kwa alivyosimulia mwenyewe, masista wawili, Elisabeth na Regina Brückner, walimweleza kwamba jumba zuri alilokuwa analiona dirishani wakati wa vita lilifungiwa Wayahudi, na wao wawili usiku walikuwa wanapenyeza chakula kwenye tundu la uzio, huku wakijua wakikamatwa ni kunyongwa. Akajiapiza ataandika kitu cha kidini kwa ajili yao, na misa hii kawatunukia wao. Mi tangu nisome habari hiyo ile sauti ya kuomba huruma siisikii tena kama zamani.

Na isingewezekana mapema. Desemba 1963 ndo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa misa kwa lugha za watu, mlango ule ule uliotupa sisi misa ya Kiswahili. Bibi yangu alikuwa anaijua Nasadiki nzima kwa Kilatini na haelewi hata neno. Ila msisahau Kongo ilishatangulia kwenye midundo, Missa Luba ya Kamina, Katanga, ilirekodiwa 1958, Kilatini kile kile lakini sauti ni za Waluba. Ukizisikiliza mbili hizi jioni moja utakosa usingizi.

Ramírez alizaliwa Santa Fe, Argentina, 1921, mtoto wa mwalimu, akajaribu ualimu ukamshinda siku chache tu, akabaki na piano. Atahualpa Yupanqui, mwimbaji na mpiga gitaa wa huko huko Argentina, ndo aliyemsukuma aende kaskazini, Humahuaca, akazisikie ngoma kwa wenyewe, na hapo ndo yote yalipoanzia. Wengi mnamjua kwa wimbo wa Alfonsina y el Mar wa 1969, maneno ya Félix Luna, sauti ya Mercedes Sosa. Kafariki 2010.

Upande wa pili ni Navidad Nuestra, nyimbo sita za Noeli, maneno ya huyo huyo Luna. Kuna moja Yosefu na Maria wanakatiza pampa yenye baridi, miiba kila mahali, hawana pa kulala, jamani, wamekuwa watu wa kijijini kabisa. Na hapa ndo jambo langu na muuzaji: aliandika "safi pande zote" kumbe upande wa pili una mkwaruzo mrefu, sindano inaruka mara tatu, tena kwenye wimbo huo huo. Nimemwandikia mara mbili, kimya. Kabla hamjalipa ombeni video ya sindano ikipita pande zote mbili, picha ya jalada haisemi kitu.

Watu wataniambia chukua ile ya José Carreras, mwimbaji wa opera wa Hispania, ya 1987. Ninayo. Sauti yake ni dhahabu, sibishi, ila Los Fronterizos wanaimba kama watu waliotoka kuogesha farasi wakaingia kanisani na vumbi lao, na misa hii iliandikwa kwa sauti za hivyo.

Mwenye nakala yenye upande wa pili mzima anicheki, nanunua, au tubadilishane na Missa Luba, ninazo mbili.