Primary Colors: huruma ya kweli ya mgombea asiyeaminika

Filamu nyingi za siasa humrahisishia mtazamaji kazi: mgombea ama ni mtu mwema aliyezingirwa na wala rushwa, ama ni tapeli ambaye mwishoni huumbuliwa hadharani. Primary Colors, iliyoongozwa na Mike Nichols na kuanza kuonyeshwa Marekani mwezi Machi 1998, haitoi nafuu hiyo. Jack Stanton, gavana wa jimbo la kusini lisilotajwa jina anayewania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais, ni mwongo, ni mzinzi, na ni mtu anayewahurumia wanyonge kwa dhati kabisa. Filamu hii bado inastahili kutazamwa leo kwa sababu haijaribu kututenganishia sifa hizo ili tukumbatie moja na kuitupa nyingine.

Asili yake inajulikana. Elaine May, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa mwenzake Nichols katika vichekesho vya jukwaani, aliandika skripti kutokana na riwaya iliyochapishwa mwaka 1996 bila jina la mwandishi. Baadaye mwaka huohuo ilibainika kwamba aliyeiandika ni mwanahabari Joe Klein. Stanton amefinyangwa kutokana na Bill Clinton wa kampeni ya 1992. John Travolta, mwenye nywele zilizotiwa mvi na sauti iliyokwaruzwa kidogo, hafichi mfanano huo hata kidogo. Filamu ilitoka miezi miwili tu baada ya kashfa ya kimapenzi ya Rais Clinton na Monica Lewinsky kulipuka, kwa hiyo wengi waliipokea kana kwamba ni nyongeza ya taarifa ya habari, na katika majumba ya sinema haikurudisha gharama zake. Sasa joto lile limepoa, na kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi kuliko ilivyoonekana wakati ule.

Tukio linaloibeba filamu nzima linakuja mapema, katika darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma huko New York. Mtu mmoja, ambaye Mykelti Williamson anamwigiza kwa dakika chache zisizosahaulika, anasimulia jinsi alivyovushwa darasa hadi darasa na kuhitimu ilhali hajui kusoma, na jinsi mama yake alivyomwonea fahari siku ile. Stanton anasikiliza huku machozi yakimtiririka, kisha naye anasimulia habari za mjomba wake Charlie, shujaa wa vita aliyezikataa fursa zote za masomo kwa sababu aliona aibu kukiri kwamba hasomi. Chumba kizima kinalia. Muda mfupi baadaye tunamwona Stanton akitoka chumbani hotelini pamoja na mwalimu wa darasa lile, nguo zao zikiwa bado hazijakaa sawa, na kadiri filamu inavyosonga mbele tunapata sababu za kutilia shaka kama hadithi ya mjomba ilikuwa na ukweli wowote. Mwongozaji wa kawaida angetumia ufunuo huo kutuambia kwamba machozi yale yalikuwa ya mamba. Nichols hafanyi hivyo, kwa kuwa machozi yalikuwa ya kweli, na hata tamaa iliyofuata ilitoka katika chemchemi ileile: Stanton ni mtu ambaye hawezi kukaa karibu na binadamu mwingine bila kumtaka, awe kura, awe rafiki, awe mwanamke.

Travolta ameielewa siri hiyo. Katika jimbo la New Hampshire, mbele ya wafanyakazi ambao ajira zao zimetoweka, anawaambia kile ambacho wagombea wengine hawathubutu kusema, yaani kwamba hakuna mwanasiasa awezaye kuzirudisha kazi zile na kwamba itawabidi wajifunze upya. Usiku mwingine, mambo yakiwa yameharibika, anaketi katika duka la donati akiongea na mhudumu mwenye ulemavu wa mguu kana kwamba hakuna uchaguzi wala kamera duniani. Hakuna kura nyingi za kuvunwa pale usiku wa manane. Mtu anayeitazama filamu hii akiwa ameshaamua kumchukia Stanton atapata taabu sana na tukio hilo, nami nilipata taabu hiyo.

Tunayaona haya yote kwa macho ya Henry Burton, kijana mweusi ambaye babu yake alikuwa kiongozi wa harakati za haki za raia, anayeigizwa na Mwingereza Adrian Lester. Hapa filamu inapungukiwa. Lester ana uso wenye akili na utulivu, lakini skripti inamtumia zaidi kama dirisha kuliko mtu, na mara nyingi tunajua anachokitazama bila kujua anachokitaka. Mapenzi yake na Daisy, mpambe mwenzake wa kampeni, yanapita bila kuacha alama. Emma Thompson, Mwingereza mwingine, amepata nyama zaidi katika nafasi ya Susan Stanton, mke anayejua kila kitu na ambaye kwa muda mrefu ameshapiga hesabu ya faida na hasara. Katika mahojiano ya televisheni anamshika mumewe mkono kwa upendo unaoweza kuyeyusha jiwe, na mara tu kamera zinapozimwa anauchomoa. Kwa ishara hiyo moja Thompson anaeleza ndoa ambayo mwandishi mwingine angehitaji kurasa kumi kuieleza.

Kwa zaidi ya nusu saa za mwanzo filamu ni kichekesho, tena kichekesho kizuri. Billy Bob Thornton, akiwa mwanamikakati Richard Jemmons, anaropoka matusi na busara katika pumzi moja. Kashfa inafuata kashfa: kukamatwa kwa mgombea katika maandamano ya ujanani dhidi ya vita, kisha Cashmere McLeod, msusi wa Susan, anayedai kuwa hawara wa gavana na kutoa kanda ya sauti kama ushahidi. Sera ya wapambe ni ileile ya funika kombe mwanaharamu apite, na wanaitekeleza kwa bidii inayochekesha hadi pale mtazamaji anapogundua kwamba naye ameanza kuwashangilia.

Kisha anaingia Libby Holden, na filamu inabadilika. Kathy Bates aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hii, kama May alivyoteuliwa kwa skripti yake, na ni vigumu kusema ni yupi kati yao aliyestahili zaidi. Libby ni rafiki wa zamani wa akina Stanton, ametoka hospitali ya magonjwa ya akili, na kazi yake ni kufukua uchafu kabla maadui hawajaufukua. Anathibitisha kwamba kanda ya Cashmere imekatwakatwa na kuunganishwa upya, na njia anayoitumia kumfanya mwanasheria aliyehusika akiri, akiwa na bastola mkononi, inachekesha na kutisha kwa kiwango kilekile. Lakini chini ya fujo yake yote ana kumbukumbu moja asiyoweza kuiacha. Mwaka 1972 yeye na akina Stanton waliifanyia kazi kampeni ya George McGovern, mgombea urais wa Democratic, ambaye mgombea mwenza wake, Thomas Eagleton, alilazimika kujiondoa baada ya kufichuliwa kwamba aliwahi kutibiwa ugonjwa wa sonona kwa umeme. Walikuwa vijana, wakaamini kwamba kazi ya kizazi chao ni kuzisafisha siasa za aina ile, na Libby, ambaye historia yake mwenyewe ya matibabu inaipa habari ya Eagleton uzito wa pekee, hakuacha kuamini.

Imani hiyo inajaribiwa anapojitokeza mpinzani mpya, Fred Picker, aliyekuwa gavana wa Florida. Larry Hagman, ambaye watazamaji wengi humkumbuka kama J.R. katika tamthilia ya Dallas, anamwigiza Picker kwa upole unaoshangaza, akiwasihi watu katika mikutano yake wapunguze kelele na kuacha kukamiana. Libby na Henry wanaichimba historia yake na kukuta kokeini na uhusiano wa siri na mwanamume. Libby anawapelekea akina Stanton habari hizo kwa makusudi, apate kuona watazifanyia nini. Jack na Susan hawasiti: ziende kwa waandishi wa habari. Tukio la chumbani humo ndilo bora zaidi katika filamu, kwa sababu hakuna anayepiga kelele za uovu. Kuna watu wawili wenye akili wanaosema jambo la busara kwa mtazamo wa kampeni, na mwanamke mmoja anayeona miaka zaidi ya ishirini ya maisha yake ikibomoka. Kifo cha Libby kinachofuata kinaielemea sehemu ya mwisho, na baadhi ya wahakiki waliona kwamba filamu imekatika vipande viwili visivyoshikana. Sikubaliani nao. Kicheko cha mwanzo ndicho kilichotufanya tuvumilie mengi, na ni haki yetu kulipa.

Mwisho wenyewe una ujasiri. Stanton anamwendea Picker faraghani na kumkabidhi alichonacho, na hatujui kama ni dhamiri iliyomsukuma au hesabu. Kisha anamshawishi Henry asiondoke, akimwambia kwamba hata Abraham Lincoln alilazimika kujiuza kabla ya kuwa rais. Riwaya inaliacha jibu la Henry likielea. Filamu inaruka hadi kwenye sherehe ya kuapishwa kwa rais na kutuonyesha Henry akiwa miongoni mwa waliohudhuria. Uamuzi huo ni mkali kuliko ule wa riwaya, na kwangu ni bora, maana unamnyima mtazamaji nafasi ya kujifariji kwamba kijana mwadilifu lazima aliondoka.

Kuhusu ufundi hakuna mengi ya kulalamikia. Muziki wa Ry Cooder haujisukumi mbele, kamera ya Michael Ballhaus inawafuata watu katika vyumba vilivyojaa bila kutuchanganya, na dakika 143 zinahisiwa tu pale kampeni inapohamia Florida. Lugha ni chafu sana, kwa hiyo si ya kutazama na watoto.

Kasoro kubwa ni nyingine, nayo hainitoki. Willie McCollister, rafiki mweusi wa zamani wa gavana mwenye mkahawa wa nyama choma, anaeleza kwamba binti yake Loretta, msichana ambaye bado ni mdogo, ana mimba na anasema ni ya Stanton. Henry anatumwa kumshinikiza baba huyo akubali binti apimwe, na baadaye Libby anagundua kwamba damu iliyotolewa kwa ajili ya kipimo haikuwa ya gavana. Hili ni kosa zito kuliko mengine yote katika hadithi, lakini May na Nichols wanalitumia hasa kama mtihani wa dhamiri za Henry na Libby. Wao wawili wanapewa hotuba, machozi na picha za uso za karibu. Loretta anabaki jambo la kujadiliwa na watu wengine, na ataishije baada ya wajumbe wa kampeni kuondoka mkahawani ni swali ambalo filamu yenye akili kiasi hiki haionekani hata kulisikia.