Njia mbili, mtaro mmoja: uzoefu wangu na intaneti ya ofisi "isiyokatika"

Laini zetu mbili za intaneti zilikufa sekunde moja. Si dakika moja, sekunde. Kumbukumbu za rauta zinasema lango la kwanza limeanguka, mstari unaofuata unasema lango la pili limeanguka, na saa iliyoandikwa pembeni ni ile ile mpaka tarakimu ya mwisho. Anayeijua kazi hii hana haja ya kuendelea kusoma. Laini mbili zilizopita njia tofauti hazifi hivyo hata zikiapizana. Zilizokufa pamoja zilikuwa zimelala pamoja.

Kifurushi chenyewe ni kile cha biashara kubwa kubwa: faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) laini mbili "zenye njia tofauti", fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao) wanayoisimamia wao, seva kuhamishiwa klaudi (kompyuta za kukodi zilizo mbali), na bakapu (nakala za akiba). Kampuni siitaji. Mambo ya kasi na bei ya mwezi yamo kwenye vipeperushi vyao, katazameni huko. Ninachotaka kusema ni kwamba laini ya pili tulilipia karibu sawa na ya kwanza, na kilichokuwa kikilipiwa ni neno "tofauti".

Ilikuwa kama wiki mbili kabla ya Ramadhani. Katapila la watu wa mabomba lilikuwa linachimba kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, likanyanyua bomba moja jeusi, na ndani ya bomba hilo moja zilikuwamo faiba zetu zote mbili. Laini ya kwanza ina jina la kampuni tuliyosaini nayo. Ya pili wameikodi kwa kampuni nyingine, na ile nyingine imekodi nafasi kwenye bomba la ile ya kwanza. Kwenye karatasi ni kampuni mbili, ankara mbili, rangi mbili za waya. Ardhini ni shimo moja.

Hili linamuuma zaidi mtu wa kisiwani. Unguja haihitaji kufundishwa maana ya waya mmoja. Umeme wetu ulikuwa ukija kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na mwaka 2008 njia hiyo ilipoharibika tulikaa gizani karibu mwezi mzima. Ikarudia Desemba 2009, na mara hiyo tulisubiri mpaka Machi 2010. Waya mkubwa wa pili haukuja mpaka 2013. Leo anakuja mtu amevaa tai anamuuzia Mzanzibari waya mmoja na kumwambia ni miwili!

Basi, mwenye kununua laini ya pili asitosheke na picha ya ramani. Adai faili la KMZ, lile linalofunguka kwenye kompyuta na kukuzwa mpaka yaonekane mapaa. Adai na kipimo cha OTDR cha kila laini, maana kifaa hicho hurusha mwanga na kuandika umbali wa kila kiungo na kila pindo. Laini mbili zikiwa na viungo kwenye mita zile zile, hizo ni ndugu wa tumbo moja. Aangalie zinaingilia ukuta gani wa jengo lake. Zikiingia tundu moja, tofauti imekwisha kabla ya kuanza. Halafu atembee kwa miguu, ahesabu vifuniko vya mashimo, aulize kila kimoja ni cha nani. Kazi ya asubuhi moja. Na akifika Dar asinyamaze, aulize wanatoka nchini na nani, kwa sababu tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, zilipata hitilafu siku moja huko kusini kuelekea Afrika Kusini, na aliyekuwa na njia mbili zinazoishia kwenye hizo hizo aliona hali.

Sasa, tulikuwa na ngazi ya tatu: rauta ya 4G iliyotoka kwao, waliyoisanidi wao na kutusainisha karatasi kwamba "imejaribiwa". Haki isemwe, 4G ilishika ndani ya dakika moja. Kurasa za mtandao zikafunguka. Vilivyokufa ni vile tunavyovihitaji.

Cha kwanza ni VPN, njia ya siri inayotuunganisha na tawi la Chake Chake, Pemba. Fayawoli ya Chake ilikuwa imeandikiwa anwani ya mtandao ya ofisi kuu, ile ya kudumu ya faiba, na kuambiwa isizungumze na mwengine. Laini ya simu haikupi anwani yako peke yako. Mnafichwa wateja wengi nyuma ya anwani moja, na aliye nje hawezi kukupigia, wewe ndiye unayetakiwa kuanza kupiga. Dawa yake inajulikana na haina gharama: tumia IKEv2 (utaratibu wa pande mbili za VPN kutambuana), upande wa Chake umtambue mwenzake kwa jina la kitambulisho badala ya anwani, ofisi kuu ndiyo iwe inaanzisha mazungumzo, na milango ya UDP 500 na 4500 iwe wazi. Kisha punguza MSS (ukubwa wa kila kipande cha data kinachotumwa) mpaka kama baiti 1350. Ukiacha hilo la mwisho utaona maajabu: ping (jaribio dogo la kuona kama upande wa pili unajibu) inakwenda vizuri, ukurasa wa kuingilia unakuja, kisha kila kitu kinaganda ukituma faili, kwa sababu pakiti (kipande cha data) kubwa ikivishwa koti la VPN haitoshi tena kwenye mlango. Hapo watu husingizia seva. Waliojaribu rauta ile walifungua ukurasa mmoja wa habari, wakaona picha, wakaondoka.

Cha pili ni klaudi yenyewe. Seva ya hesabu inaruhusu kuingia kutoka anwani mbili tu za ofisi, zile za faiba. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ila anwani ya 4G haimo, na haiwezi kuwamo maana inabadilika. Hivyo wahasibu walikuwa na intaneti na hawana hesabu. Tukapiga simu kwa kituo chao cha msaada na jibu tulilopewa, nalinukuu lilivyo: "Fungueni kwa wote kwa muda, faiba ikirudi mtafunga."

Kwa wote. Yaani mlango 3389, ule wa kuiendesha Windows ukiwa mbali, uachwe wazi kwa dunia nzima, na ushauri huo unatolewa na watu wanaotuuzia ulinzi! Mlango huo hauhitaji adui anayekujua. Kuna programu zinazunguka mchana na usiku zikigonga anwani moja baada ya nyingine, na ukiufungua huchukui muda kabla kumbukumbu hazijajaa majina ya "admin" na "test" yakijaribu nenosiri. Hivyo ndivyo nyingi katika ofisi zilizofungiwa mafaili yao na kudaiwa fedha zilivyoingiliwa. Hatukufungua. Njia ya kufanya ni kumpa kila mhasibu programu ya VPN kwenye kompyuta yake, yenye nenosiri na uthibitisho wa pili wa simu, naye huingia akiwa popote bila klaudi kujali anwani anayotokea. Ilichukua mchana kuiweka. Ingekuwapo siku ya kwanza, kama mtu angekaa chini akajiuliza swali dogo tu: faiba zikifa zote, nani ataingia wapi?

Mpaka hapo ningewapa nyota moja na kuufunga ukurasa.

Mafundi wa kuunga walikuja alasiri, na kazi ya kuunga pale shimoni sikuona kosa kubwa, ingawa boksi la viungo walilirudisha kwenye shimo lenye maji ya kifundoni na masika yalikuwa njiani. Usiku kabla ya kulala laini zikarudi. Tabu ikaanza kesho yake. Simu za ofisi zinakatakata maneno, kazi inakwenda inasimama, pakiti zinapotea hapa na pale. Kabla ya kukatwa, moduli yetu (kile kifaa kinachopokea mwanga wa faiba) ilikuwa inapokea mwanga wa -12 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga kwa desibeli: namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga umefifia. Sasa inasoma -18.5. Moduli ya gigabiti moja ya kilomita 10 huanza kupapasa gizani ikikaribia -20, kwa hiyo tulikuwa ukingoni, na kila mtikisiko wa waya ukitutupa.

Tukaripoti na namba hizo mbili. Akaja msimamizi wao. Hakuzima gari. Hakushuka. Kijana wetu wa mtandao akamsogezea kompyuta dirishani amwonyeshe kipimo, naye akatazama swichi kwa mbali kupitia mlango uliokuwa wazi, akasema: "Yakhe, taa ya kijani si hiyo inawaka? Mwataka nini tena?" Kijana akamjibu kwa adabu, "Shekhe, taa haipimi nguvu ya mwanga." Akaambiwa akasome kwanza. Dirisha likapandishwa.

Taa ya kijani! Taa ile inasema kitu kimoja tu, kwamba pande mbili zinatambuana. Mgonjwa anayepumua naye ana taa ya kijani.

Kesho kutwa yake akatumwa mtu mwengine, dada mmoja fundi, kijana, na hapa ndipo hukumu yangu inapoharibika. Hakuuliza taa. Alifungua kasha la faiba ukutani, akatazama kwa tochi, akauliza, "Nani kachomeka hii?" Kwenye tundu la kijani kulikuwa na waya wenye kichwa cha buluu. Kwa asiyejua: kichwa cha kijani, APC, uso wake umekatwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga unaorudi ukatupwe pembeni. Cha buluu, UPC, kimekaa bapa. Vinaingiana, vinalia "tak" kama kawaida, ila nyuso hazigusani sawasawa, panabaki upenyo wa hewa. Hapo peke yake hupotea desibeli 3 au zaidi, na mwanga mwengine unarudi ulikotoka. Zilizobaki ni uchafu. Alinionyesha kwa darubini yake ndogo: uso wa kioo ulikuwa na madoa meupe kama ukoga wa chumvi. Kwa hewa yetu hii ya bahari, kichwa cha faiba kilichoachwa bila kifuniko usiku mmoja tayari kina habari.

Alifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, akatazama tena, akafuta tena, akaweka waya wenye kichwa cha kijani upande wa kasha na buluu upande wa moduli, kama inavyotakiwa. -12.4. Akaandika namba hiyo kwa kalamu kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kasha, na tarehe. "Ikishuka desibeli 3 kutoka hapa, msisubiri, nipigieni." Dakika ishirini, pamoja na kukataa soda kwanza.

Na nikiwa nasema kweli yote, kazi ya fayawoli tuliikuta imefanywa na mtu mwenye akili. Ukurasa wa kuisimamia hauonekani kutoka nje. Kila msimamizi ana jina lake na uthibitisho wa pili. Kumbukumbu zinatumwa mahali pengine, mwizi akiingia asizifute. Bakapu zipo tatu, moja haifutiki hata na msimamizi mpaka siku zake ziishe, na tulipodai warejeshe folda moja la miezi ya nyuma mbele yetu, lilirudi zima. Wengi wanaouza bakapu hawajawahi kurejesha kitu. Kwa hilo nilishapandisha nyota mpaka tatu na nusu, nikawa naandika kwamba si wabaya, wanahitaji msimamizi mwenye heshima tu.

Kisha ikaja hesabu ya fidia. Mkataba unaahidi laini iwe hai asilimia 99.9 ya mwezi. Kwa siku 30 hiyo ni ruhusa ya kukatika dakika 43 na kidogo. Sisi tulikaa bila faiba zaidi ya saa tisa. Wao wamehesabu dakika 190. Vipi? Kifungu kidogo kinasema muda unahesabiwa tangu tiketi (ripoti ya hitilafu) ifunguliwe, ndani ya saa za kazi, na tiketi hufunguliwa kwenye tovuti yao tu, nasi tulipiga simu. Simu tulizopiga "hazihesabiki". Siku zile za kupoteza pakiti hazimo kabisa. Taa ilikuwa ya kijani.

Kuhama? Nimeuliza kampuni mbili nyengine. Zote mbili, kwa upande wetu wa Kiembe Samaki, zinapita kwenye bomba lile lile. Angalau hao wawili walikiri. Kinachobaki ni laini ya pili ipite hewani, redio ya mnara kwa mnara, na hapo uchague masafa kwa akili: zaidi ya gigahezi 10 mvua kubwa inaila, kwa hiyo kwa masika yetu nataka akiba ya desibeli za kutosha kwenye hesabu yao, iandikwe, na pawe na kifungu cha njia tofauti kinachotaja mita. Kwa hiyo hawa wetu msiwachukue. Au wachukueni kwa fayawoli na bakapu, na faiba moja tu, na msilipe senti ya pili.

Juzi wamenitumia mkataba mpya wa kusaini, na safari hii faili la KMZ limo, maana nililidai kwa maandishi mara tatu. Nimelifungua. Mstari mwekundu unafuata barabara vizuri. Wa buluu unakwenda ubavuni mwake, kama mita 40 pembeni, juu ya mapaa ya nyumba za watu, katikati ya kiwanja cha mpira, na kule karibu na Kilimani unaingia baharini kidogo kisha unatoka. Kila mahali mwekundu unapopinda, buluu nao unapinda, kona kwa kona.